Kufa Kidogo Kila Desemba

Obdulia Cantoral alikuwa mfungua milango isiyoonekana. Ndivyo alivyomweleza mama yake alipopata kazi katika kiwanda cha peremende cha La Perinola, pale Tlaquepaque, kando ya jiji la Guadalajara, na mama yake, asiyependa mafumbo, akamuuliza kama na mshahara nao hauonekani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akiajiriwa, hata awe wa kupanga maboksi tu, lazima aingizwe kwenye barua pepe, programu ya ghala, programu ya maagizo ya wateja, programu ya zamu, na mwisho apewe kadi ya getini. Kila programu ilikuwa na kiburi chake. Moja ilitaka majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Nyingine ilitaka moja tu, na siku zote ilichagua la mama, hivyo nusu ya kiwanda ilijulikana humo kwa ukoo wa mama zao. Ya tatu ilikwama kila mchana kana kwamba nayo imekwenda kula. Obdulia aliziendea moja baada ya nyingine, akiandika jina lile lile mpaka vidole vinachoka, na mtu mpya alikaa siku mbili tatu kwenye benchi la ukumbini, akinywa kahawa ya bure na kulipwa mshahara kwa kuinywa.

Upande wa kufunga ndio ulikuwa balaa. Mtu akiacha kazi, anaagwa, anakumbatiwa, anapewa mfuko wa peremende za ukwaju, na hakuna anayekumbuka kumwambia Obdulia. Akaunti zake zinabaki wazi. Na wenye programu hizo hukodisha kwa kichwa: kila jina ni kiti, kila kiti kina bei yake ya mwaka, kikaliwe kisikaliwe.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja Injinia Fausto Berumen kusimamia fedha na mifumo. Alitoka Monterrey, na watu wa Monterrey, kama kila mtu Guadalajara atakavyokuapia, hawatupi hata ganda la ndizi kabla hawajalifikiria mara mbili. Wiki yake ya kwanza alizipitia bili za programu mstari kwa mstari, akaja kusimama mlangoni kwa Obdulia.

"Obdulia, huyu Refugio Anaya anakaa wapi?"

"Chicago, Injinia. Aliondoka zamani."

"Na Doña Petra Luján?"

Obdulia akajifanya ana shughuli na kibodi. "Huyo yuko makaburini."

"Kwa hiyo tunamlipia kiti marehemu."

"Alikuwa mtu mzuri sana, Injinia."

Berumen hakucheka, lakini masharubu yalimcheza kidogo. Mwezi uliofuata akanunua mfumo wa kuunganisha vyote. Ofisi ya utumishi ingeandika jina la mtu mara moja tu, na milango yote ingefunguka kabla kahawa haijapoa. Ikiandika kwamba mtu ameondoka, milango yote ingejifunga yenyewe, kiti kingerudi kwa mwenye programu, na bili ingeshuka. Wafanyakazi wakaubatiza Bawabu.

Bei ya Bawabu ilikuwa ya kumtoa mtu jasho, na kununua ulikuwa mwanzo tu. Walikuja mafundi wa kuuunganisha, vijana wenye viatu safi waliolipwa kwa saa, na kila saa wakagundua kitu kipya kilichoharibika. Majina yalitofautiana kila programu, kwa hiyo Obdulia alikesha majira yote ya mvua akiyasafisha. Watu wakamwambia kwenye foleni ya chakula, "Imekula kwako, Doña. Unaifundisha mashine ikunyang'anye tonge." Yeye akaendelea kula maharagwe yake. Ukweli ni kwamba alimpenda Bawabu. Alikuwa amechoka kuandika majina ya watu kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni, na mara ya kwanza alipomwona msichana mpya wa maabara akiingia getini, kufungua kompyuta na kuanza kazi asubuhi hiyo hiyo, alijisikia raha kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Lakini palikuwa na jambo ambalo Bawabu hakuambiwa. Hakuambiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na desturi ya kulitamka.

Kila katikati ya Desemba, Graciana Villaseñor, mkuu wa utumishi, aliwapanga watu wa ghala, wa kiwandani na wa ofisi za chini, akawapa karatasi ya kusaini kwamba wameacha kazi kwa hiari yao. Sikukuu ya Wafalme ikipita, mwanzoni mwa Januari, aliwapanga tena wasaini kwamba wameajiriwa upya. Kwa hiyo pale La Perinola hapakuwa na mtu wa chini mwenye mwaka kamili wa kazi, na asiye na mwaka hana miaka ya kudai anapozeeka, anapougua, au anapoambiwa asirudi. Wenye viwanda wengi walifanya hivyo na waliona ni busara. Ilikuwa ni wizi, tusizunguke, ila wizi uliofanywa kwa upole, kwa kalamu nzuri, na kikombe cha atole, uji mtamu wa mahindi, cha moto mkononi.

Na kwa kuwa Desemba ndio mwezi wa peremende, mwezi wa posada, karamu za kungojea Krismasi, kila mtaa, na watoto kuzipiga fimbo piñata zilizojazwa peremende mpaka zimwage tumbo, hao walioondoka hawakwenda popote. Walifanya kazi kuliko wakati wowote mwingine. Wenyewe waliita hali hiyo kufa kidogo.

"Ushakufa?" mmoja angeuliza.

"Nimezikwa asubuhi. Hebu nisukumie hayo maboksi."

Zamani Graciana alikuwa akimpelekea Obdulia karatasi hizo ili awafunge walioondoka, na Obdulia alizitia kwenye droo. Nani angepakia malori? Hakuona kama anafanya jambo la ajabu. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa marehemu. Miaka ya mwanzo alisaini baada ya kusoma kila mstari, baadaye alisaini kama mtu anayepokea bahasha ya posta.

Mwaka huo, droo haikuwepo. Mchana wa tarehe kumi na tano, Graciana aliketi kwenye kompyuta yake na kuandika walioondoka wote, kwa utulivu wa mtu anayefanya alichokifanya kila mwaka. Bawabu alimwamini.

Asubuhi iliyofuata, siku ya posada ya kwanza, wa mbele kwenye foleni ya getini alikuwa Don Librado Ocampo wa ghala, mtu mfupi, mpana, mwenye magoti yaliyolia kuliko bawaba za mlango. Alikuwa amepanga kuacha kazi kabla ya joto la Mei, magoti yakimvumilia mpaka hapo. Aligusisha kadi yake. Taa ikawaka nyekundu.

"Nabor," akamwambia mlinzi, "kifute hicho kidude chako vumbi."

"Nimekifuta, Don Librado. Kinasema hufanyi kazi hapa."

"Tangu lini?"

Nabor akainama kusoma. "Tangu jana."

Librado akawageukia wenzake. "Jamani, safari hii tumekufa kweli!"

Kicheko kikapita foleni nzima, kisha kikakatika, maana na wa pili alipata nyekundu, na wa tatu, na nyuma yao malori ya Zapopan na Tonalá yalishaanza kupiga honi. Obdulia alipofika akakuta watu mpaka barabarani. Akagusisha kadi yake. Nyekundu.

"Hata wewe, Doña?" Librado akauliza. "Si wewe ndiye mama yake huyo Bawabu?"

"Hiyo ndiyo shukrani ya watoto, Don Librado."

Nabor alimpitisha kwa mlango wa malori, kwa ufunguo wa kawaida. Obdulia akapanda ngazi mbio, akaketi, akaandika neno lake la siri. Kompyuta ikamjibu kwa adabu kwamba haimfahamu. Berumen akaingia bila kubisha, tai begani.

"Wafungulie watu, Obdulia. Malori kumi yamekwama."

"Siwezi, Injinia. Nimeacha kazi jana."

"Umeacha kazi? Na hapo umeketi unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

Injinia alimtazama kama mtu anayetafuta harufu ya tequila. Ndipo Obdulia akamweleza habari ya Desemba, kwa maneno machache, akitazama kibodi. Alikuwa hajawahi kuieleza kwa mtu, na alishangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Berumen, aliyeingia kiwandani majira ya kuchipua na kwa mkataba wa wakubwa, alivuta kiti akaketi. Honi nyingine ikalia nje.

"Njoo kwenye kompyuta yangu," akasema.

Ndani ya Bawabu, mlango wake peke yake ndio uliokuwa wazi. Obdulia akasimama nyuma ya bega lake, akamwelekeza mahali pa kwenda. Bawabu alitoa njia mbili za kumrudisha mtu. Ya kwanza: mtumishi mpya. Ya pili: amefungwa kimakosa, hakuondoka. Ukichagua mpya, unamnunulia kila mtu viti vipya kwa bei ya mwaka mzima. Ukichagua hakuondoka, viti vyake vinarudi bure, na kila kilicho chake kinarudi kama kilivyokuwa, pamoja na tarehe ya siku yake ya kwanza. Tarehe hiyo Bawabu alikuwa ameichukua kwenye akaunti kongwe ya kila mtu, na akaunti hizo Obdulia hakuwahi kuzifunga.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Graciana, nywele zimetengenezwa vizuri kama kawaida, lakini viatu vyake vyeusi vilikuwa vyeupe kwa sukari iliyomwagika kwenye mlango wa malori. Obdulia aliviona viatu hivyo, akajiuliza kwa nini mkuu wa utumishi hakupita getini.

"Waandike wapya," Graciana akasema. "Kila mwaka huwa wapya."

"Wapya ni Januari, Graciana. Leo ni Desemba," alisema Berumen. "Na wapya ni viti vya watu mia na arobaini, mwaka mzima. Bawabu nimemnunua kupunguza bili. Nani atakwenda kumweleza mwenye kiwanda? Wewe?"

"Ukiandika hawakuondoka, unaandika jambo kubwa, Injinia. Mimi nakwambia kwa wema."

Berumen akakuna masharubu. Kisha akageuza kiti chake kumwelekea Obdulia. "Mimi mgeni hapa. Nijibu kitu kimoja tu. Hawa watu waliondoka, au hawakuondoka?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Obdulia alihisi macho ya Graciana shavuni. Alijua kwamba neno lolote atakalolitoa litaandikwa mahali ambapo hapana droo, na jina lake litakaa pembeni yake. Alimfikiria mama yake mwenye umri wa miaka themanini, dawa zake za presha, kodi ya nyumba. Aliogopa, na woga wake haukuwa mdogo. Nje, mtu alikuwa akiimba wimbo wa posada kwa dhihaka, ule wa kuomba kufunguliwa mlango, na foleni nzima ikamwitikia.

"Hawakuondoka," akasema. "Hata mmoja. Hata mimi."

"Na mwaka jana?"

"Hata mwaka jana, Injinia. Hatujawahi kuondoka."

"Basi," alisema Berumen, akaligeukia jina la Obdulia na kubonyeza. "Wewe nimekufungua mimi, kwa jina langu. Waliobaki wafungue wewe."

Angeweza kuwafungua wote pale pale, na Obdulia alijua hivyo. Akarudi ofisini kwake. Kompyuta ikamfahamu, ikamwambia yuko kazini miaka kumi na saba. Akapiga moyo konde, akawachagua wote kwa pamoja, akabonyeza. Graciana alikuwa amesimama mlangoni. Hakumzuia.

Kule chini Librado alijaribu tena. Taa ikawa kijani. Wauzaji wa Bawabu walikuwa wametia nyongeza ya maneno matamu kwa kila anayefunguliwa upya, na kioo kidogo cha getini kikaandika kitu.

"Nabor, nisomee, sina miwani."

Nabor akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma misa. "Karibu, Librado. Miaka ishirini na minne pamoja nasi."

Librado alisimama pale pale. Idadi aliijua, aliihesabu kila usiku magoti yalipomnyima usingizi. Lakini kiwanda kilikuwa hakijawahi kumwambia. Waliokuwa nyuma yake, ambao kwa kawaida wangemsukuma, hawakumsukuma.

"Isome tena," akasema.

Nabor akaisoma tena. Kisha kila mtu akapita, na kila mmoja alisikia miaka yake, na siku hiyo hakuna aliyeuliza mwenzake kama ameshakufa.

Siku zilizofuata zilikuwa za kunong'ona. Berumen aliitwa kwa mwenye kiwanda akiwa na bili kwapani, akatoka masikio yamemwiva, na hakusimulia. Graciana alihamia meza nyingine wakati wa chakula. Obdulia alipika pozole ya Krismasi, supu ya mahindi na nyama, akasahau chumvi, na mama yake akamhoji mpaka akasema yote.

"Umeungama kwa mashine?" mama akauliza. "Si bora ungekwenda kwa padri? Yeye angalau hasemi."

"Ndiyo maana, mama."

Mama akatafuna mahindi yake taratibu. "Hebu lete chumvi," akasema.

Siku ya Wafalme, kama kila mwaka, walikata mkate wa mviringo kwenye ukumbi wa chakula, na Librado, kwa bahati yake, akakuta kwenye kipande chake kidoli cha Mtoto Mtakatifu kilichofichwa ndani ya mkate. Watu wakapiga makofi, maana anayekipata ndiye mwenye kuwalisha wote tamale, vile vitonge vya unga wa mahindi vinavyopikwa ndani ya maganda, sikukuu ya Kandelaria, mwezi wa pili. Akaapa mke wake atamfukuza nyumbani.

Kesho yake, kwenye ukumbi ule ule, Graciana aliweka meza, kalamu, atole, na karatasi za kuajiriwa upya. Alikuwa ameagizwa kuendelea kama kawaida, kana kwamba Desemba haikutokea. Karatasi zikisainiwa, mtu mwenyewe atakuwa amekana miaka yake kwa mkono wake, na aliyoyaandika Bawabu yatafutwa kuwa ni hitilafu. Kila mtu kwenye foleni alilielewa hilo. Obdulia, katikati ya foleni, alielewa pia kwamba baada ya hitilafu hutafutwa aliyeisababisha.

Librado alikuwa wa mbele. Akaishika kalamu, akaitazama karatasi kwa muda, safari hii akiwa na miwani.

"Ni utaratibu tu, Don Librado," Graciana akasema, taratibu.

"Naelewa, binti yangu. Ila nina tatizo la tamale."

"La nini?"

"Hapa panasema nimefika leo. Mkate tulikata jana. Kama mimi nimefika leo, yule aliyepata kidoli jana ni nani? Maana mke wangu ameshaagiza unga. Nikisaini, simpikii mtu hata tamale moja. Nisiposaini, nawalisha wote. Waulize wenyewe wanataka lipi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Usisaini, mzee, sisi tuna njaa!" Librado akaiweka kalamu mezani, sambamba na karatasi, akavua miwani na kujisogeza pembeni kwa magoti yake mabaya. Wa pili akafika, akaitazama kalamu, naye akapita. Kicheko kilikuwa kimeisha. Walipita mmoja mmoja, wengine wakiwa wamevua kofia, na kalamu ilibaki pale pale alipoiweka Librado.

Obdulia alipofika mezani akatia mikono kwenye mifuko ya sweta.

"Jana nilikuwepo," akamwambia Graciana. "Nilikula mkate. Ulinikatia wewe."

Graciana akaanza kuzikusanya karatasi, zote bila saini, akizigonga mezani zilingane. Ya chini kabisa ikachomoza, na Obdulia, ambaye kwa miaka kumi na saba alikuwa ameandika kila jina la kiwanda kile, alilisoma hata likiwa kichwa chini. Graciana Villaseñor Tiscareño, ameajiriwa leo. Ndipo alipokumbuka vile viatu vyenye sukari, na kwamba siku ile naye hakupita getini.

Graciana aliona kwamba karatasi hiyo imeonwa. Aliitoa kati ya zile nyingine, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, na kwa muda akakaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kisha akainua kichwa na kutazama kwa mbali, pale Librado alipokuwa amejiegemeza ukutani kupumzisha magoti.

"Don Librado," akaita, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hizo tamale za Kandelaria ni za nyama, au za sukari?"